Jitu langu limekufa kabla halijasalimia

Jamani acheni niwaambie ya Jumamosi. Mimi ndo DM wetu wa Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa hadithi na dadu, yaani mimi ndo nasimulia na kuwaendesha maadui, tunacheza sebuleni kwa mama, wachezaji watano wote levo ya 5, na wiki nzima nilikuwa naliandaa jitu la barafu. HP (yaani uhai) 138, shoka lake likikupata wastani unapoteza 25, na kwa hesabu za kitabu hilo ni pambano gumu. Nikaliandikia na hotuba. Sauti yake nilikuwa naifanyia mazoezi bafuni mpaka dada akagonga mlango kuuliza kama naumwa.

Visanamu hatuna, kwa hiyo wachezaji ni vizibo vya soda na jitu ni chupa ya chai, ile kubwa ya mama yenye maua mekundu. Nikaitua katikati ya meza, kimya. Nikasema moyoni leo mtanikoma.

Tukarusha dadu kujua nani anaanza. Jitu likapata 2, toa 1 maana ni zito, likabaki na 1. La mwisho. Basi mpiganaji akapiga mara mbili, akachomoa ile zamu yake ya ziada akapiga mbili tena, binamu na paladini wake, yule shujaa wa nuru, akaangusha 20 juu ya 20 akamwaga na nuru yote aliyokuwa nayo, mchawi katupa mpira wa moto, mwizi kachoma kisu nyuma ya goti, na padri, ambaye muda wote alikuwa anachati, akauliza "ni mimi?" akashusha rungu moja, jitu chini. Hotuba iko mfukoni mpaka leo.

Mama akachungulia kutoka jikoni: "Limeshakufa? Leteni chupa basi, wageni wanasubiri chai."

Hapo nikapandwa. Nikachota karanga 12 kwenye sahani nikazimwaga katikati ya vizibo, nikasema haya, mbwa mwitu. Kila mmoja ana HP 11 tu, kitabu kinaliita pambano jepesi, lakini wewe fikiria zamu 12! Halafu wakikuzunguka wawili narusha dadu mbili nachukua iliyo kubwa. Mchawi akataka kutupa mpira wa moto, wenzake wakapiga kelele utatuchoma na sisi, akasita, wanne wakamrukia, akalala. Paladini chali. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa kosa langu ni kwamba niliruhusu karanga iliyokufa iliwe. Padri, bado yuko kwenye simu, akanyoosha mkono akatupia moja mdomoni.

"We! Huyo alikuwa mzima!"

"Ana HP ngapi sasa hivi?"

Tukabishana nusu saa. Mwisho nikachoka nikasema sawa, kafa. Kugeuka, binamu naye anatafuna, hata hanitazami, na mezani wamebaki mbwa mwitu watatu.