Magma huvunja mwamba, au huukuta umeshawambwa?

Picha tuliyoizoea ni ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, yenye hasira: inasukuma kutoka chini, inapasua mwamba, inatoka. Si picha ya uongo. Magma kwa kawaida ni nyepesi kuliko miamba inayoizunguka, gesi zake huongeza shinikizo, na shinikizo likizidi uimara wa mwamba, ufa hutokea. Mwaka 1980 ubavu wa kaskazini wa Mlima St. Helens, Marekani, ulivimba karibu mita 2 kwa siku, hadi ulipoporomoka Mei 18. Pale aliyesukuma anajulikana.

Lakini tukiishia hapo tunaudhulumu mwamba. Mahali ambapo mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya ganda lake, yanaachana, ardhi huwa imevutwa kwa karne nyingi kabla magma haijafika. Tazama Afar, Ethiopia, Septemba 2005. Ufa wa kilomita 60 hivi ulijaa magma, na palipokuwa papana zaidi ulifikia mita 8. Mita nane! Mabamba ya pale huachana kwa takriban sentimita 2 tu kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: ni deni la miaka 400, limelipwa ndani ya wiki chache. Magma haikuukuta mwamba umetulia. Iliukuta umewambwa kama ngozi ya ngoma, ikagusa kwa ncha ya kisu. Na karibu yote ilibaki chini, haikuliona jua.

Grindavík, Iceland, Novemba 10, 2023: magma iliingia ufani kwa kasi iliyokadiriwa kufikia mita za ujazo 7,400 kwa sekunde. Ungedhani palikuwa na shinikizo la kutisha. Watafiti walionyesha kuwa shinikizo la wastani linatosha, mradi mwamba uliokwisha kuvutwa upasuke na njia iwe pana.

Watetezi wa shinikizo watajibu kwamba bila magma ya kujaza ufa, kuvutwa kwa ardhi peke yake huleta tetemeko tu. Kweli, na St. Helens inabaki hoja yao. Ila kupima uvimbe wa mlima bila kuuliza ardhi yake inadaiwa kiasi gani ni kusoma nusu ya barua. Huko kwenye volkano ya Krafla, pia Iceland, kati ya 1975 na 1984, magma ya mwanzo ilibaki zaidi ardhini ikijaza nafasi. Deni lilipopungua, ndipo nyingi ikaanza kutoka juu.