Dyuti frii wanauza, forodha wanabeba

Hivi hawa wa dyuti frii, yale maduka ya uwanja wa ndege yasiyotoza kodi, wana roho gani jamani, dada wa kaunta anaskani bodingi pasi yako, anaona kabisa unaenda Ulaya, halafu anakufungia wiski tatu za lita moja moja eti ofa, mfuko unapigwa sili, anatabasamu, hasemi kitu! Unatua kule afisa wa forodha anakwambia pombe kali ya kuzidi asilimia 22 mwisho lita 1 kwa mtu ukitokea nje ya Umoja wa Ulaya, zinazozidi lipia kodi au acha. Sasa nikilipa hiyo kodi si bora ningenunua supamaketi ya hukohuko? Nikaziacha mbili mezani, risiti ninayo. Na msiniambie zinamwagwa zote, mi siamini.