Mianzi haina kosa, shida ni matundu

Ukiingia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo siku hizi, muuzaji akishamaliza kusifia rangi ya ubao wa mianzi atakuongezea: "Halafu huu haupitishi sauti, bosi." Anasema hivyohivyo kuhusu plaiwudi, na kuhusu zile paneli za fito zinazobandikwa nyuma ya televisheni. Kwa maoni yangu, hapo tunauziwa maneno.

Mianzi yenyewe sina ugomvi nayo. Ikichanwa, ikakaushwa na kushindiliwa kwa gundi, hutoka ubao mzito kuliko mbao nyingi: kilo 1,000 na zaidi kwa mita ya ujazo, wakati paini tunayoletewa kutoka Mufindi iko karibu nusu ya hapo. Na uzito ndio unaozuia sauti inayosafiri hewani. Ila piga hesabu. Plaiwudi ya milimita 12 ina kama kilo 7 kwa mita ya mraba. Mianzi iliyoshindiliwa ya unene huohuo, kilo 13 hivi. Uzito ukiongezeka maradufu, sauti inayopita inapungua kwa desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 5 au 6, na sikio linahitaji tofauti ya desibeli kama 10 ndipo lione kelele imepungua nusu. Tofali la inchi 6 lililopigwa plasta pande zote lina zaidi ya kilo 200 kwa mita hiyohiyo. Ubao mmoja haufui dafu hapo, uwe wa mianzi, uwe wa mninga.

Paneli za fito ndiyo kabisa. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba chako, maongezi yakasikika vizuri. Jirani ataendelea kukusikia.

Ubao mwepesi unaweza kufanya kazi, tena vizuri, ukijengwa kuta mbili: kila upande na miti yake ya fremu isiyogusana na ya mwenzake, katikati pengo lililojazwa pamba ya mawe, yaani nyuzi laini za mawe yaliyoyeyushwa. Mafundi wetu hupigilia mbao pande zote mbili kwenye mti uleule, kwa hiyo upande mmoja ukitikisika unautikisa na wa pili.

Lakini hata hilo ni dogo mbele ya matundu. Ukuta ukiwa wazi kwa asilimia 1 tu ya eneo lake, hauvuki desibeli 20 za kuzuia sauti, hata uwe wa zege. Sasa angalia ofisi zetu za patisheni: ukuta unaishia kwenye siling bodi, juu yake kweupe mpaka ofisi ya tatu. Nyumba za Uswahilini za vyumba sita na korido ni hivyohivyo, ukuta unakomea chini ya kenchi na sauti inaruka chini ya bati. Zima taa usiku, mwenzako awashe ya chumba cha pili. Utaona uzi wa mwanga chini ya mlango, mwingine kwenye kona ya fremu, mwingine pale waya wa umeme ulipopitishwa. Huko ndiko redio inakopita.

Sakafu ni kesi nyingine. Jirani wa juu akitwanga kisamvu, kinu hakipigi kelele hewani tu, kinagonga jengo lenyewe. Sakafu ya mianzi ni ngumu, nayo bila tabaka la mpira au koki (gome laini kama la vizibo vya chupa) chini yake inapitisha kila kisigino.

Na joto hili la Dar, nani analala na madirisha yamefungwa? Mwenye luva wazi kuelekea baa asitumie hata shilingi kwa ajili ya ukuta. Ubao nauona una maana kati ya chumba na chumba, na ofisi na ofisi, pale panapowekwa kiyoyozi. Hata hapo ningeanza na mpira wa mlango na silikoni kwenye maungio, kisha nimlipe fundi apandishe patisheni hadi kwenye zege la juu. Ikibaki hela, ndipo nitachagua rangi ya mianzi.