Binti wa miaka 15 anaulizwa, bibi yake haulizwi

Katika Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2015-16, wadodosaji walipita kwenye kaya za Tanzania wakiuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa mojawapo ya sababu tano: akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, akimnyima unyumba, au asipowajali watoto. Wanawake waliokubali angalau sababu moja walikuwa asilimia 58. Wanaume walikuwa asilimia 40.

Ukiitaja takwimu hiyo mbele ya wanaume, jibu huja haraka: "Unaona? Wenyewe wanataka." Ukiitaja mbele ya wanawake wenzangu, wengi wanasema itupwe, kwa sababu mwanamke hawezi kumweleza mgeni aliyeshika dodoso yaliyo moyoni mwake. Pande zote mbili zinaniacha na maswali, ingawa jibu la pili lina uzito zaidi.

Anayesema mwanamke hajibu kwa uhuru ana hoja, na watafiti wenyewe wanalijua hilo. Kabla ya kufika kwenye sababu hizo tano, dodoso linamtaka mdodosaji aandike ni nani wengine wapo pale: watoto wa chini ya miaka 10, mume, wanaume wengine, wanawake wengine, na kama wanasikiliza au wapo tu. Mtu aliyebuni kisanduku hicho anazifahamu nyumba zetu, ambamo wifi anapepeta mchele hatua mbili kutoka hapo na sikio lake liko kwenye mazungumzo. Lakini woga hauwakumbi wanawake peke yao. Mwanamume anayeulizwa na mtu wa serikali mwenye kitambulisho shingoni kama ni halali kupiga mke, analijua jibu linalotakiwa. Amelisikia redioni, kanisani, msikitini, kwenye mkutano wa kijiji. Kwa hiyo mimi naiamini zaidi ile 58 kuliko ile 40. Nadhani wanawake walisema tulivyofundwa, na baadhi ya wanaume walisema walivyotarajiwa kusema.

Tulivyofundwa na nani? Hapo ndipo ninapokosa raha kama mama. Katika sababu zote tano, iliyokubaliwa na wanawake wengi zaidi ni ile ya kutowajali watoto. Chakula kuungua kilikubaliwa na wachache. Maana yake mwanamke wetu anaweza kukataa kupigwa kwa ajili ya wali ulioshika ukoko, lakini akiambiwa mwenzake amemwacha mtoto bila kuoga na bila kula, anasita, kisha anasema labda alistahili. Kipimo cha mwanamke kimekuwa malezi, na anayekishika kipimo hicho kwa ukali kabisa ni mwanamke mwingine. Nenda kwenye kicheni pati yoyote, subiri hadi zawadi za masufuria zikishatolewa, usikilize anayeshika kipaza sauti anamwambia nini bibi harusi kuhusu mume na watoto. Utatajiwa wajibu wa mama mpaka uchoke. Wa baba utasikia ni ada ya shule.

Niliwasomea wanangu sababu hizo, kila mmoja kwa wakati wake. Kijana alijibu hapana tano mfululizo, bila hata kuinua macho kwenye simu, kama anayejibu mtihani aliokwishaufanya. Dada yake wa kidato cha tatu alijibu hapana nne. Kwenye watoto akasema, "Hiyo inategemea, mama." Nikamuuliza inategemea nini. Akasema kama mama yuko tu mtaani anapiga soga na mtoto analia, je? Nikamuuliza baba akiwa ndiye yuko mtaani. Akacheka, "Baba si anatafuta hela?" Sikumhubiria. Hajatunga jibu hilo, na nyumba aliyokulia ni yangu.

Wanawake wanaoulizwa katika utafiti huo ni wa miaka 15 hadi 49. Sababu yake inaeleweka: lengo kuu ni afya ya uzazi, na huo ndio umri wa kuzaa. Binti yangu anaingia kwenye sampuli, kwa ridhaa ya mzazi kwanza kwa sababu hajafika 18. Bibi yake haingii. Na bibi ndiye somo, ndiye anayeitwa ndoa ikitikisika, ndiye anayemwambia mwali avumilie au arudi nyumbani. Tunapima mawazo ya wanafunzi tukimruka mwalimu.

Upande wa siasa nao una mambo yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Haikusubiri asilimia yoyote. Kama wabunge wa wakati ule wangetaka kwanza kujua wananchi wanasemaje, kifungu hicho huenda kisingekuwapo hadi leo. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 13, inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na cha 17 kinataka ridhaa ya baba. Mama anaulizwa baba akiwa amefariki. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo viwili akashinda 2016, na 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Baada ya hapo tukasikia kwamba kwanza maoni yakusanywe, wananchi na viongozi wa dini wasikilizwe, na miaka ikapita.

Kusikiliza watu si kosa. Wazazi wana hofu za kweli, ya mimba za utotoni ikiwa ya kwanza, na sheria inayowaruka huishia kwenye makaratasi. Ila nashangaa jinsi maoni yanavyopendwa pale yanapochelewesha jambo. Mwaka 2018 shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya utafiti wake wa maoni, Sauti za Wananchi: waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 71 mwaka 2017 na 96 mwaka 2016. Kilichofuata ni barua ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuhusu kibali cha utafiti, na mkurugenzi wa Twaweza wakati huo, Aidan Eyakuze, kunyang'anywa pasipoti. Wananchi walewale, ambao mawazo yao kuhusu umri wa kuolewa ni mazito kiasi cha kusubiriwa, mawazo yao kuhusu rais yalihitaji kibali.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaotaka takwimu zitupwe. Bila tafiti hizi, wa kutueleza "wanawake wanataka nini" watabaki mbunge, shehe, mchungaji na mjomba, kila mmoja kwa hesabu ya kichwani mwake. Namkubali zaidi anayekuja na dodoso lenye makosa ninayoweza kuyasoma na kuyabishia.

Nami ninalo la kubishia. Kati ya sababu zile tano, hakuna hata moja inayomgusa baba. Watafiti watajibu kwamba orodha hutumika nchi nyingi, na ukiibadilisha huwezi tena kulinganisha na miaka ya nyuma. Mwaka 2010, kwa mfano, wanawake waliokubali walikuwa asilimia 54, na bila orodha ileile tusingejua kwamba miaka mitano baadaye tulipanda. Ni jibu la haki. Basi zile tano ziachwe zilivyo, na chini yake iongezwe ya sita, kuhusu baba asiyewajali watoto: mkewe ana haki ya kumfanya nini? Na kaya itakayoangukiwa na swali hilo, bibi akiwepo, naye aulizwe.