Mwanamitindo na Faragha Yake: Bei Hulipwa na Nani?

Kila mara mwanamitindo au mrembo aliyevaa taji anapolalamika kwamba mambo yake ya ndani yameanikwa magazetini au mitandaoni, jibu analopewa halibadiliki: umaarufu aliutaka mwenyewe, basi avumilie na maneno yake. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo linastahili kupimwa kwa makini kuliko kukataliwa kwa hasira. Hata hivyo, wengi wanaolitoa hawajajiuliza mwanamitindo huuza kitu gani hasa anapoingia katika kazi hii, wala ni wanamitindo wepi ambao faragha yao huondoka kwa bei kubwa kuliko kile wanachokipata.

Wanaosema avumilie wana hoja zao. Katika kazi ya mitindo umaarufu ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Kampuni inayomlipa mwanamitindo kutangaza manukato inalipia uso ambao watu wanaujua tayari, na siku hizi katika usaili wa maonyesho ya mavazi idadi ya wafuasi mitandaoni huweza kuulizwa sambamba na urefu na kipimo cha kiuno. Mwanamitindo huyo huyo huonyesha pete ya uchumba, ujauzito na sebule mpya, na kila picha humwongezea wafuasi, yaani humwongezea thamani. Kwa hiyo, wanauliza, anapata wapi haki ya kufunga mlango siku habari inapokuwa mbaya? Vilevile wanasema, na hapa wana haki, kwamba mtu anayejijengea jina kwa sifa fulani asiyo nayo hawezi kudai kwamba ukweli usisemwe.

Kuna na hoja ya manufaa, ambayo kwetu ni nzito zaidi. Mwaka 2007 Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe nchini Mexico akiwa amenyoa kichwa chote, akaiwakilisha Tanzania na kuingia katika kumi bora. Jina alilolipata pale lilimfikisha kwenye majukwaa ya New York, na baadaye likazaa taasisi inayowasaidia wasichana kusoma pamoja na biashara yake ya rangi za kucha. Mfadhili huitika kwa sababu anamjua anayeomba, na binti asiyejulikana angebisha hodi kwenye ofisi zile zile miaka kumi bila kufunguliwa.

Nazikubali hoja hizi kwa kiasi fulani. Tatizo ni kwamba zinachukulia umaarufu na maisha ya ndani kuwa furushi moja, ukiuza hiki umeuza na kile, ilhali mahakama iliyolichunguza jambo hili kwa undani kuliko wengi ilikuta ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa.

Februari 2001 gazeti la Daily Mirror la Uingereza liliandika kwamba Naomi Campbell, mwanamitindo mashuhuri wa Uingereza, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekanusha hadharani kutumia dawa za kulevya, alikuwa akihudhuria mikutano ya watu wanaosaidiana kuziacha. Habari iliambatana na picha zilizopigwa kwa siri akiwa nje ya jengo la mkutano, jijini London. Alishtaki, akashinda katika Mahakama Kuu, akashindwa katika rufaa, kisha tarehe 6 Mei 2004 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati ule ikampa ushindi kwa majaji 3 dhidi ya 2. Kwamba alitumia dawa, gazeti liliruhusiwa kulisema, kwa sababu alikuwa amedanganya umma. Lisiloruhusiwa lilikuwa kueleza anatibiwa wapi, kwa namna gani na mara ngapi, na kutoa picha ya kuthibitisha hayo. Jaji Hale, mwanamke pekee kati ya watano, alitoa mfano ambao kwangu unafafanua suala lote: kama ingekuwa picha ya Campbell akitoka kwenda dukani kununua chupa ya maziwa, asingekuwa na la kulalamikia, kwa maana sehemu ya riziki yake ni kupigwa picha na watu wanataka kuona anaonekanaje siku ya kawaida. Mlango wa mahali anapotafuta tiba ni jambo jingine.

Yapo maneno katika mfano huo wa maziwa ambayo wanamitindo wenyewe hawayapendi, kwa kuwa unakiri kwamba barabarani hawana kinga kubwa. Mimi nauona kuwa mfano wa haki. Anayeishi kwa sura yake hawezi kudai kwamba sura hiyo isionekane sokoni. Ila ukishakubali hilo, unalazimika kukubali na upande wa pili, kwamba maradhi, tiba, ndoa na watoto havikuwemo kwenye mauzo.

Na fidia aliyopewa? Pauni 3,500. Ninarudi mara kwa mara kwenye takwimu hii kwa sababu inaeleza mengi kuhusu bei ya faragha. Kati ya fedha hizo, 2,500 zilikuwa za kuvunjiwa faragha, na 1,000 ziliongezwa kwa jinsi gazeti lilivyomshambulia baada ya kulalamika. Campbell, mwanamke mweusi wa kwanza kutokea kwenye jalada la toleo la Kifaransa la jarida la Vogue, mwaka 1988, alipigania kiasi hicho kwa zaidi ya miaka mitatu katika ngazi tatu za mahakama. Gharama za kisheria ambazo upande wake ulilidai gazeti zilipita pauni milioni moja, na gazeti likazipeleka hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo mwaka 2011 ilisema ada za ziada za mawakili zilizidi kipimo ingawa hukumu ya faragha yenyewe ilikuwa sahihi. Gharama za zaidi ya milioni moja kwa ajili ya fidia ya elfu tatu na mia tano: anayeweza kuingia katika hesabu ya namna hiyo ni mtu ambaye tayari ana fedha nyingi. Haki ya faragha ipo, lakini kuifikia kuna gharama, na wengi hawaijui gharama hiyo hadi siku wanapoihitaji.

Karibu na kwetu yuko Iman, mwanamitindo wa Kisomali. Mwaka 1975 mpiga picha wa Kimarekani Peter Beard alimwona Nairobi, naye alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, binti wa mwanadiplomasia wa Kisomali, mwenye kuzungumza lugha kadhaa. Waandishi wa New York wakasimuliwa kwamba amepatikana porini, mchunga mifugo asiyejua Kiingereza. Umaarufu wake ulianza kwa kunyang'anywa habari za baba yake, za shule yake na za lugha zake, na kupewa nyingine zilizowafurahisha wanunuzi, na ilimbidi azisahihishe kwa kinywa chake mwenyewe. Wanaotetea umaarufu husema hatimaye alishinda, na ni kweli. Mume aliyemwoa mwaka 1992, mwanamuziki David Bowie, aliugua saratani kwa takriban miezi 18, na dunia haikujua mpaka alipofariki tarehe 10 Januari 2016. Binti yao alilelewa mbali na kamera. Kwa hiyo faragha na umaarufu vinaweza kukaa nyumba moja. Ila tuangalie waliofanikiwa kuvikalisha pamoja ni watu wa namna gani: watu waliokuwa na miongo ya kazi nyuma yao, wenye uwezo wa kukataa mkataba wasioupenda na wa kuishi wanakotaka.

Aliye mwanzoni mwa kazi hana hata mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Nyuma ya jukwaa, kati ya vazi moja na jingine, mwanamitindo ana muda mfupi mno wa kuvua na kuvaa, huku wapambaji, mafundi wenye pini mdomoni, watu wa mwanga na wapiga picha wakipita katikati yao, na kamera inayopiga picha ya kiatu inachukua na mgongo wa binti asiye na nguo. Kwa miaka mingi jambo hilo lilihesabiwa kuwa hali ya kazi. Ilikuwa Februari 2018 ndipo wiki ya mitindo ya New York ilipoanza kuwawekea wanamitindo sehemu za faragha za kubadilishia nguo, baada ya shinikizo la chama chao cha Model Alliance. Jimbo la New York limeendelea mbele na kutunga sheria, iliyoanza kutumika Juni 2025, inayozitaka kampuni za wakala kupata ridhaa ya maandishi ya mwanamitindo kabla ya kutengeneza au kutumia nakala yake ya kidijitali. Hatua hizo hazijapunguza umaarufu wa mtu yeyote. Zinathibitisha kwamba sehemu kubwa ya faragha iliyopotea haikuwa ada ya lazima ya kazi. Ilipotea kwa sababu hakuna aliyeilinda.

Kuhusu ridhaa yenyewe, nashangazwa na wepesi ambao watu wanasema "alichagua". Mwanamitindo Mwingereza Kate Moss aligunduliwa na wakala uwanja wa ndege mwaka 1988 akiwa na miaka 14, na Campbell alikuwa na 15. Mtoto wa umri huo anaweza kuchagua kuvaa gauni na kupigwa picha. Kusema amechagua pia kwamba miaka kumi na mitano baadaye apigwe picha akitoka kwenye tiba ni kuibebesha ridhaa ile mzigo isiouweza. Na mama yake, wadogo zake, mtoto atakayemzaa, wao walitia sahihi wapi?

Hapa nyumbani shida ina sura yake ya pekee, na ndiyo iliyonifanya niandike. Tangu mashindano ya Miss Tanzania yaliporejea mwaka 1994, mara nyingi umaarufu umetangulia fedha. Binti anavikwa taji usiku mmoja, anapata gari au fedha kiasi, na asubuhi anajulikana nchi nzima. Kwenye vibanda vya magazeti vya Dar es Salaam kurasa za mbele hubanwa kwa vibanio, na watu husimama wakasoma vichwa vya habari bila kununua, kisha wakaondoka kwenda kazini wakiwa na jina la binti huyo na mambo anayosemekana kuyafanya. Magazeti ya udaku yaliishi miaka mingi kwa vichwa vile, na leo kurasa za Instagram na makundi ya WhatsApp yanafanya kazi ile ile kwa kasi kubwa zaidi. Binti bado anaishi kwa wazazi. Mama yake anakwenda sokoni na kanisani au msikitini, na majirani wanamtazama kwa namna ambayo haihitaji maneno. Ana umaarufu wa taifa zima na kipato cha mwanafunzi, hana wakili wala meneja anayejua kazi, na hana ukuta. Mifano iko mingi na sitataja jina, kwa kuwa kuitaja ni kuianika tena.

Walio na bahati ni wale waliowahi kushika usukani wenyewe. Millen Magese, Miss Tanzania 2001, aliamua kusema hadharani kwamba ana endometriosisi, maradhi ya mfumo wa uzazi ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria humpata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Alizungumza juu ya maumivu, upasuaji wa mara kwa mara na hofu ya kutozaa, mambo ambayo kwetu mwanamke humwambia dada yake tu. Wasichana waliokuwa wakiambiwa kwamba maumivu ya hedhi ni ya kuzoea walipata jina la ugonjwa wao. Wenye kudai kwamba mtu maarufu hana siri huutumia mfano huu kama ushahidi wao, nami nauona kinyume chake kabisa. Habari ya tumbo la mwanamke ikitolewa naye, kwa wakati wake na kwa maneno yake, imewasaidia wengine. Habari hiyo hiyo ingetolewa na mhudumu wa hospitali kwa mwandishi wa udaku, ingekuwa ni kumdhalilisha. Tofauti yote imo katika aliyeamua.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda nafsi, maisha binafsi, familia na mawasiliano ya kila mtu, na haikuweka kando waliovaa taji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Tume ya kusimamia sheria hiyo inapokea malalamiko, njia ambayo inapaswa kuwa rahisi kuliko ile aliyopita Campbell. Kinachokosekana ni mikataba. Mwandaaji wa mashindano anayemfunga binti kwa mwaka mzima wa kutumikia taji anaweza kuandika katika karatasi hiyo hiyo kwamba atamlipia wakili habari zake za ndani zikichapishwa bila idhini yake. Wakala anayechukua asilimia ya malipo yake anaweza kuandika ni picha zipi zisizotumika baada ya mkataba kwisha, na kwamba nyumba ya wazazi si mahali pa kupigia picha.

Kwa mwanamke mwenye umri, fedha na wakili, umaarufu wa mitindo unaweza kustahili gharama yake, na anayeuchagua kwa macho wazi simlaumu akiifurahia kazi yake. Kwa binti wa miaka 19 aliyepewa taji na mkataba usiotaja faragha hata kwa mstari mmoja, jibu langu ni kwamba haustahili, na ningemshauri mzazi wake auombe mstari huo kabla ya kuuliza zawadi ni shilingi ngapi.