Kutuliza akili shuleni: tuanze na mwalimu

Mtoto huanza kuambiwa "tulia" siku ya kwanza anapoingia darasani, na ataendelea kuambiwa hivyo mpaka amalize shule. Ni mara chache sana mtu hukaa naye akamwonyesha namna ya kutulia. Hapo ndipo wanaotaka mazoezi ya utulivu wa akili yaingizwe kwenye ratiba wanapokuwa na hoja nzito, na sioni haki ya kuwapuuza.

Zoezi lenyewe halina makuu. Unakaa wima, nyayo sakafuni, unafuatilia pumzi inavyoingia na kutoka. Mawazo yakikuchukua, unagundua kwamba yamekuchukua, unarudi kwenye pumzi bila kujilaumu. Mizizi yake iko katika tafakari ya Kibuddha, lakini sura inayopelekwa shuleni leo inatokana zaidi na kozi ya wiki 8 aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Wale walikuwa watu wazima wenye shida waliyoijua, na walijiunga kwa hiari yao. Mwanafunzi hachagui. Kengele imelia, kipindi ni hicho, funga macho.

Tofauti hiyo imejitokeza kwenye ushahidi. Utafiti mkubwa wa MYRIAD, uliofanyika Uingereza na matokeo yake kutolewa mwaka 2022, ulifuatilia wanafunzi zaidi ya 8,000 wa umri wa kuanzia miaka 11. Baadhi ya shule zilifundisha mazoezi haya, nyingine ziliendelea na masomo yao ya kawaida ya stadi za kijamii na kihisia. Baada ya mwaka mmoja, waliofundishwa hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wenzao, iwe katika dalili za sonona au katika ustawi wao kwa jumla. Kwa wale walioanza wakiwa tayari na dalili za matatizo ya akili, zilionekana hata ishara za hali kuzidi kidogo.

Watetezi wanajibu kwamba wanafunzi wengi hawakufanya mazoezi nyumbani, kwa hiyo dawa isilaumiwe na mgonjwa ambaye hakuinywa. Ni kweli hawakufanya. Lakini jibu hilo linawarudia wenyewe: kama watoto wa umri huo hawalitaki zoezi hata wakifundishwa na mwalimu aliyeandaliwa, basi kulilazimisha kwa darasa zima si njia. Tena tumfikirie mtoto aliyelala akisikia wazazi wakigombana. Ukimwambia afunge macho akae kimya na yaliyomo kichwani mwake, yanayomjia ni yale ya usiku, na hapo darasani hakuna aliyejiandaa kumpokea akianza kulia.

Kwa walimu picha ni tofauti. Katika utafiti huohuo wa Uingereza uchovu wa kazi ulipungua kwa walimu, na mazingira ya shule yakawa mazuri zaidi, ingawa mwaka ulipopita mafanikio hayo yalififia. Jijini New York, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliohusisha walimu 224 wa shule za msingi ulionyesha kwamba waliopata mafunzo ya aina hii walimudu hisia zao vizuri zaidi, na hali ya kihisia darasani ikaboreka. Sishangai. Mwalimu yuko kipindi cha tano, madaftari hayajasahihishwa, na mtoto nyuma amerusha kalamu. Akipata pumzi moja kabla hajafungua mdomo, huenda mtoto yule akaitwa kwa jina lake badala ya kuitwa mjinga mbele ya wenzake. Watoto husoma uso wa mwalimu kabla hawajasoma ubao.

Hofu ya dini nayo isichekwe. Mwaka 1979 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilizuia shule za umma za New Jersey kufundisha tafakari ya aina nyingine, Transcendental Meditation, kwa kuwa iliambatana na mafundisho na ibada za kidini. Mzazi aonyeshwe kinachofundishwa, na akikataa akubaliwe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uongozi kugeuza pumzi kuwa kisingizio. Darasa limefurika, mshauri wa wanafunzi hayupo, na mwalimu aliyeelemewa anaambiwa ahudhurie semina ya kutulia. Hapo mzigo wa shule umehamishiwa kifuani mwake.

Kwa hiyo naunga mkono mazoezi haya kwa walimu wanaoyataka, ndani ya saa za kazi, huku mzigo wao ukipunguzwa kweli. Kwa watoto yabaki dakika chache za hiari: anayetaka kuchungulia dirishani achungulie, anayetaka kuchora achore. Na siku shule itakapoanza kuufanya ukimya huo kipimo cha nidhamu, na kumwita ofisini mtoto aliyefumbua macho, kipindi hicho kifutwe.