Maksai tunamla, kwa nini farasi atushinde?

Kila bei ya kilo ya nyama ya ng'ombe inapopanda, hakosekani mtu Mbeya au Iringa wa kuuliza kwa nini tusifuge farasi wa kuchinja. Nyasi tunazo, baridi tunayo, na Wazungu wanakula. Wenzake watacheka, mmoja atatema mate pembeni, na mjadala umekwisha. Mimi naona swali hili halijibiwi kwa mate. Sababu nyingi tunazotoa za kuikataa nyama hiyo hazishiki, na zile zinazoshika huwa hatuzitaji.

Kwanza hao Wazungu wenyewe hawajawahi kukubaliana. Mwaka 732 Papa Gregori III alimwandikia Bonifasi, aliyekuwa akihubiri Ujerumani, awakataze waumini wake nyama ya farasi, akiiita chafu. Ufaransa iliihalalisha kwenye bucha mwaka 1866, na Wafaransa, Waitalia na Wabelgiji wapo wanaoila mpaka leo. Vuka bahari kidogo hadi Uingereza, ukimtajia mtu steki ya farasi atakuangalia kana kwamba umemla mbwa wake. Kazakhstan wanafuga makundi ya farasi kwa ajili ya nyama, na soseji yake iitwayo kazy huwekewa mgeni wa heshima. Kumamoto, Japani, wanaikata vipande vyembamba na kuila mbichi. Katika hayo yote sioni hoja ya kutushawishi kula wala kutokula.

Kwenye dini mambo ni mepesi kuliko tunavyodhani. Asma binti Abu Bakr amepokewa akisema walichinja farasi zama za Mtume wakamla. Kilichokatazwa kwenye vita vya Khaybar ni punda wa kufugwa. Wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu, wanamruhusu farasi, ingawa madhehebu mengine yana kauli tofauti. Msabato ana Walawi 11 na anaishika kweli: farasi hacheui na kwato zake hazikupasuka, basi. Lakini Mmoravian, Mlutheri na Mkatoliki wa Mbeya anayekula kitimoto kila Ijumaa jioni hawezi kujificha nyuma ya sura hiyohiyo. Nguruwe naye yumo humo.

Kinachobaki ni mazoea, na mazoea yana historia yake. Mbung'o na ugonjwa wa nagana ndio waliowazuia farasi kuingia bara. Ndiyo maana misafara ya zamani ilibebwa vichwani na wapagazi. Nyanda za Juu hazina mbung'o kama mabondeni, lakini ili ufike huku lazima upite huko. Farasi wachache tulio nao leo, kama wale wa upande wa Mufindi, ni wa kupanda, wengi wao kwa starehe za watalii. Mnyama tunayemwona amebebeshwa mgeni mwenye kofia hatuwezi kumwaza kwenye sufuria.

Simaanishi mazoea ni upuuzi. Chakula ndicho tunachotumia kujuana nani ni nani. Mhehe akienda kusoma Dar es Salaam au Mwanza atataniwa kuhusu kula mbwa kabla hajafungua begi, na atajibu kwa utani mkali zaidi. Huku Iringa na Njombe kuna nyumba zinazofuga simbilisi jikoni na kuwala bila maneno, wakati mgeni kutoka pwani akimwona mnyama yule anasema ni panya. Ukimlazimisha mtu aone nyama ya jirani kuwa ya kawaida hutafika mbali. Ukimwambia ni haramu kwa kila mtu, napo hutafika.

Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba farasi na punda ni wanyama wa kazi, na mfanyakazi haliwi. Inapendeza masikioni. Sasa nenda Usangu au Mbozi ukaangalie maksai. Analima na plau msimu baada ya msimu, anavuta mkokoteni wa mpunga au mahindi, ana jina lake na watoto wanamjua. Akichoka anapelekwa mnadani, na wiki hiyohiyo anakuwa supu. Hakuna anayelia. Na huruma yetu kwa punda nayo tusiikuze: sisi ndio tuliosema punda afe mzigo ufike.

Hata hivyo ndani ya hoja hiyo mbovu kuna kitu cha kweli, nacho ni hesabu. Makete punda hakuwa wa mababu. Aliingizwa zaidi miaka ya 1980 kupitia mradi wa usafiri vijijini uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, baada ya kuonekana kwamba mizigo ya wilaya ile ilikuwa inapanda milima juu ya vichwa vya wanawake: maji, kuni, mahindi ya kusaga. Akitoweka punda, mzigo unarudi ulikotoka. Na kumrudisha si kazi ndogo, kwa kuwa jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja.

Farasi naye hubeba miezi 11 kwa mtoto mmoja. Linganisha na nguruwe: siku kama 114, na watoto wanane au zaidi. Ng'ombe anakupa maziwa, farasi wetu hakuna anayemkamua. Halafu kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosambazwa na visubi, ambao ukiingia zizini unaweza kumaliza wengi. Watetezi wa farasi watasema homa ya nguruwe nayo imeshatia watu umaskini Mbeya, kwa hiyo ni busara kuwa na mnyama mwingine. Ni kweli, lakini huyo mnyama mwingine anaweza kuwa kondoo, na kondoo tunaye tayari. Kibiashara, farasi wa nyama kwetu anashindwa hata kabla ya kufika kwenye kinyaa.

Bado kuna suala la bucha, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Januari 2013 Ireland ilitangaza kwamba baga zilizouzwa kama za ng'ombe zilikuwa na farasi, moja ikiwa na asilimia 29. Ulaya nzima ikachafuka, Ufaransa ikiwemo, nchi ambayo farasi anauzwa hadharani. Watu walikasirishwa na kudanganywa, na pia na hofu ya fenilibutazoni, dawa ya maumivu wanayopewa farasi lakini isiyotakiwa kwenye nyama ya mtu. Mwaka huohuo Tunduma kulizuka vurugu kati ya Wakristo na Waislamu juu ya nani mwenye haki ya kuchinja. Kule waligombana kuhusu kilichomo kwenye nyama, huku kuhusu mkono ulioshika kisu, lakini kote mlaji alikuwa anauliza kama anaweza kumwamini muuzaji. Sehemu ambayo muhuri wa mkaguzi wa nyama bado una watu wanaoutilia shaka, ukileta mnyama mwingine ambaye nyama yake ikishakatwa ni nyekundu kama ya ng'ombe, umempa mdanganyifu mtaji.

Kwa punda hilo tumeshaliona. Ngozi yake huchemshwa China kutengeneza ejiao, gundi inayotumika kwenye dawa za asili za Kichina, na bei ya ngozi ilifungua machinjio Dodoma na Shinyanga, na mengine Kenya. Wizi wa punda ukaongezeka, Kenya ikapiga marufuku mwaka 2020 kabla Mahakama Kuu haijaitengua, Tanzania nayo ikazuia, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Naunga mkono.

Wanaopinga zuio hilo wananibana sehemu moja. Mwenye maksai mzee ana mnada, anapata pesa ya kununua ndama. Mwenye punda mzee hana pa kumpeleka. Anamwachia njia, au anamuuza usiku kwa mtu asiyeuliza jina. Kumfungulia soko halali kungemsaidia mwenye punda huyo wa Makete, lakini mnunuzi wa ngozi haangalii umri, na punda wa miaka minne anayebeba maji leo angekuwa wa kwanza kupandishwa kwenye lori.